Watu Kumi, Kazi ya Wawili: Tusanifu Programu Itakayomaliza Kutegea

Wanachuo wenzangu, tuanze na jambo ambalo kila mmoja wetu analijua hata kama hajawahi kulisema mbele ya mhadhiri. Asaimenti ya kundi inatolewa, watu kumi wanapangwa, na siku hiyohiyo kundi la WhatsApp linafunguliwa. Siku za mwanzo ni salamu na "tupo pamoja". Wiki mbili zinapita kimya. Usiku wa kuamkia siku ya kukusanya, wawili wanakesha wakiandika, mmoja anachangia hela ya kuprinti, na saba wanatuma jina kamili na namba ya usajili. Alama zinatoka: wote kumi wamepata 14 kati ya 20.

Tumezoea kulimaliza jambo hili kwa lawama. Wale saba ni wavivu, basi, mjadala umefungwa. Makala hii inasema kitu kingine: sehemu kubwa ya kutegea inatokana na jinsi kazi yenyewe ilivyopangwa na vifaa tunavyoifanyia. Kama ni hivyo, basi inarekebishika, na mmoja wa watu wanaoweza kuirekebisha ni yule anayesanifu programu za kujifunzia. Wapo kati yetu wanaosoma kompyuta na watazitengeneza programu hizo. Sisi wa elimu tutazitumia darasani na wanafunzi wetu. Kwa hiyo somo hili ni letu sote.

Kamba ya Ringelmann

Mwishoni mwa karne ya 19, mhandisi wa kilimo wa Ufaransa aitwaye Max Ringelmann aliwapa watu kamba waivute. Alipima nguvu ya mtu akivuta peke yake, kisha wakivuta pamoja. Matokeo aliyoyachapisha mwaka 1913 ni maarufu hadi leo: watu 8 wakivuta pamoja hawakutoa nguvu ya watu 8. Walitoa takribani nusu yake.

Unaweza kusema, labda walikuwa hawavuti kwa wakati mmoja, huyu anavuta mwenzake anapumua. Ni kweli, hiyo ni sehemu ya sababu. Lakini mwaka 1974 watafiti wa Marekani wakiongozwa na Alan Ingham walifanya ujanja. Walimfunga mtu kitambaa machoni, wakamwambia wenzake wako nyuma yake wanavuta. Kumbe alikuwa anavuta peke yake. Bado alivuta kwa nguvu pungufu! Hapo hamna cha kupishana wakati. Kilichopungua ni juhudi yake mwenyewe, kwa sababu tu aliamini kuna wengine.

Mwaka 1979 Bibb Latané, Kipling Williams na Stephen Harkins waliona jambo hilohilo kwa watu waliotakiwa kupiga makofi na kelele wakiwa kundini. Wakalipa jina la kitaalamu. Kiswahili tulikuwa nalo siku nyingi: kutegea.

Jaribio muhimu zaidi kwetu lilikuja mwaka 1981, la watafiti haohao watatu. Safari hii watu waliambiwa kwamba sauti ya kila mmoja inapimwa peke yake hata akiwa ndani ya kundi. Kutegea kukatoweka. Haikuhitajika hotuba ya kuwaasa wala adhabu. Mtu alijua tu kwamba mchango wake unaonekana, basi akautoa.

Shika somo hilo, kwa sababu ndilo tutakalojengea: mtu yuleyule anaweza kutegea au kujituma, kutegemea kazi imepangwaje.

Kugawana si kushirikiana

Kabla ya kusanifu chochote, tutofautishe maneno mawili. Mtafiti Pierre Dillenbourg, ambaye ameandika sana kuhusu kujifunza pamoja kwa kompyuta, anatenganisha kugawana kazi na kushirikiana katika kazi.

Kugawana ni hivi: wewe andika utangulizi, mimi swali la kwanza, yule swali la pili, mwisho mtu mmoja anabandika vipande pamoja. Kila mtu amefanya kazi, ndiyo. Lakini aliyeandika swali la pili hajui swali la kwanza lilisema nini. Siku ya kuwasilisha, mhadhiri anamuuliza kuhusu ukurasa wa 3, anamtazama mwenzake. Kazi imekamilika, kujifunza hakujakamilika.

Kushirikiana ni kufikiri pamoja: ninaandika wazo, wewe unalipinga, yule analeta ushahidi, na tunachoandika mwisho hakuna ambaye angeweza kukiandika peke yake. Wale wa elimu mnamkumbuka Vygotsky: kuna mambo ambayo mtu bado hawezi kuyafanya mwenyewe lakini anayaweza akisaidiwa na anayejua zaidi. Kundi zuri linafanya kazi hiyo kwa zamu. Leo mimi ndiye ninayejua zaidi, kesho ni wewe.

Kwa hiyo programu tunayoitaka ina kazi mbili. Izuie kutegea, na pia isituache tukaishia kugawana tu.

WhatsApp si inatosha?

Tuseme ukweli, WhatsApp imetusaidia sana. Ipo kwenye karibu kila simu, inatumia bando dogo na hakuna anayehitaji kufundishwa. Lakini ilisanifiwa kwa maongezi, na maongezi yanapita kama maji ya mtoni. Wazo zuri lililoandikwa Jumatatu, Alhamisi limeshafunikwa na ujumbe mia na picha za sherehe. Faili linazunguka kwa majina ya "final", "final mpya", "final kabisa", na hakuna mwenye uhakika lipi ndilo. Anayejibu haraka anaonekana mchapakazi, na anayefikiri taratibu anaonekana hayupo.

Google Docs imesogea hatua moja mbele. Watu kadhaa wanaandika kwenye waraka mmoja, na kuna historia inayoonyesha nani alibadilisha nini na lini. Hiyo inatibu ugonjwa wa "final kabisa". Hata hivyo inaonyesha maandishi, haionyeshi mjadala uliozaa maandishi hayo.

Halafu kuna Moodle, iliyoanzishwa na Martin Dougiamas huko Australia na kutolewa mwaka 2002, ambayo vyuo vingi vya Afrika Mashariki vinaitumia. Ndani yake kuna sehemu ya kuandika kwa pamoja na sehemu ya wanafunzi kutathmini kazi za wenzao kwa vigezo. Sisi tunaifungua kupakua madesa na kukusanya kazi, basi. Yaani chombo kipo, ila kimegeuzwa stoo.

Mambo matano ya kuzingatia

*Kwanza, kila mmoja awe na kipande ambacho wengine hawana.* Mwaka 1971 mwanasaikolojia Elliot Aronson aliitwa kusaidia shule za Austin, Texas, ambako watoto weusi, weupe na wenye asili ya Mexico walikuwa wamewekwa darasa moja kwa mara ya kwanza, na uhasama ulikuwa mkubwa. Alivunja somo vipande vipande. Kila mtoto wa kundi alipewa kipande kimoja, akakisoma vizuri pamoja na wenye kipande kama chake kutoka makundi mengine, kisha akarudi kukifundisha kwa kundi lake. Mtihani ulikuwa wa somo zima. Ghafla yule mtoto aliyekuwa anachekwa akawa na kitu ambacho wote wanakihitaji. Msanifu anaweza kuliweka jambo hili ndani ya programu: usimfungulie kila mtu faili zote siku ya kwanza. Mpe huyu chanzo hiki, yule chanzo kile, na ukurasa wa pamoja ufunguke vipande vyote vikishafundishwa.

*Pili, mchango uonekane na uwe na mwenyewe.* Hili ndilo somo la 1981. Lakini angalia kinachoonyeshwa. Programu ikihesabu maneno, watu watajaza maneno. Ikihesabu ujumbe, watatuma "sawa" na "asante" hadi alfajiri. Kinachofaa kuonekana ni aina ya mchango: nani aliuliza swali, nani alileta chanzo, nani alijibu hoja ya mwenzake, nani alirekebisha.

*Tatu, wazo liwe na makazi.* Miaka ya 1980 huko Canada, Marlene Scardamalia na Carl Bereiter walitengeneza programu iliyoitwa CSILE, ambayo baadaye ilizaa Knowledge Forum. Watoto wa shule waliandika mawazo yao kama vijikaratasi kwenye hifadhi ya pamoja, na kila mtu aliweza kujenga juu ya kijikaratasi cha mwenzake. Programu iliwapa vianzio vya sentensi, mfano wa "Nadharia yangu ni…", "Ninahitaji kuelewa…", "Nadharia hii haielezi…". Kianzio kama hicho kinaonekana kitu kidogo, lakini kinamfundisha mtu kwamba kupinga wazo si kumpinga aliyelisema. Nani kati yetu hajaona kundi likivunjika kwa sababu mtu alisema "hapa umekosea"?

*Nne, anayeongezewa kazi ndiye afaidike.* Mwaka 1988 Jonathan Grudin aliandika kwa nini programu nyingi za kazi za pamoja zinakufa. Mfano wake mmoja ulikuwa kalenda ya ofisi: wafanyakazi wote wanatakiwa kujaza ratiba zao kila siku, lakini anayefaidika ni bosi anayetafuta nafasi ya kuitisha mkutano. Matokeo yake wafanyakazi wanaacha kujaza, na kalenda inakufa. Sasa fikiria programu inayomtaka mwanafunzi ajaze ripoti kila wiki ili mhadhiri tu ndiye aone. Nani ataijaza? Lakini ripoti hiyohiyo ikiwa ndiyo inayompangia ratiba, ikimkumbusha kinachosubiri na kumwonyesha wapi wenzake wamefika, ataifungua mwenyewe bila kusukumwa.

*Tano, ianzie kwenye simu ya chini na bando dogo.* Siyo kila mtu ana laptop, na bumu likichelewa hata bando linakuwa anasa. Programu ifanye kazi bila intaneti, ihifadhi kwenye simu, kisha ioanishe mabadiliko mtandao ukipatikana. Watu wawili wakiwa wamebadilisha aya moja, isifute kazi ya mmoja kimyakimya. Iyaweke matoleo yote mawili kundi lichague. Maandishi yatangulie, picha na video zisubiri mtu azifungue kwa hiari yake.

Jambo hili la tano ni la haki kabla ya kuwa la ufundi. Programu inayomhukumu mtu kwa muda aliokaa mtandaoni itamwita mtegeaji yule ambaye hana bando tu.

Tuijaribu: kundi la watu sita

Tuchukue asaimenti ambayo wanaelimu wanaifahamu: jadili lugha ya kufundishia katika shule za sekondari Tanzania. Programu yetu ingeiendesha namna hii.

Hatua ya 1, kila mmoja anaandika peke yake. Kabla ya kuona ya mwenzake, kila mwanakundi anaandika msimamo wake kwa aya moja. Hapo anayeongea sana hawezi kuwameza wakimya, kwa sababu aya zote sita zinafunguka kwa pamoja.

Hatua ya 2, vipande. Wa kwanza anasoma sera ya elimu ya 1995, wa pili anasoma ile ya 2014, wa tatu anatafuta tafiti, wa nne anazungumza na walimu, wa tano anazungumza na wanafunzi, wa sita anaangalia nchi nyingine zilifanyaje. Kila mmoja anaandika vijikaratasi vitatu: nilichokipata, nilichokipata wapi, na kinachonitatiza.

Hatua ya 3, kila kijikaratasi kijibiwe. Programu haifungui hatua inayofuata mpaka kila kipande kimepata angalau maswali mawili kutoka kwa wenzake. Hapa ndipo kugawana kunapogeuka kushirikiana. Aliyesoma sera ya 2014 atabanwa na aliyeongea na walimu: mbona karatasi inasema hivi na darasani ni vile? Ndani ya swali hilo kuna asaimenti yenyewe.

Hatua ya 4, kuandika kwa zamu. Aliyeleta kipande siye anayekiandika kwenye ripoti. Anakiandika mwenzake, na mwenye kipande anahakiki. Kwa hiyo siku ya kuwasilisha, kila ukurasa una watu wasiopungua wawili wanaoweza kuutetea.

Majukumu nayo yazunguke: msimamizi wa ratiba wiki hii si wa wiki ijayo. Wahenga walisema manahodha wengi chombo huenda mrama, kwa hiyo nahodha awe mmoja, ila kwa zamu. Na karani vilevile. Ule utamaduni wa "dada atatuandikia", ambapo msichana anageuzwa mpiga chapa wa kundi huku wanaume wakibaki "kutoa hoja", programu inaweza kuuvunja kwa kupanga zamu tu, bila mtu kugombana na mtu.

Na alama je?

Kundi zima kupewa alama moja ndiko kunakowaumiza wale wawili waliokesha. Ipo njia. Programu ya WebPA, iliyokuzwa Chuo Kikuu cha Loughborough, Uingereza, inawaruhusu wanakundi kupimana kwa vigezo, kisha inageuza vipimo hivyo kuwa kizidisho. Kizidisho cha 1 maana yake mtu amechangia sawa na wastani wa kundi.

Tuseme kundi limepata 60, na mhadhiri ameamua nusu iwe ya wote na nusu ifuate mchango. Kila mmoja anaanza na 30. Mwenye kizidisho cha 1.2 anaongezewa 36, anapata 66. Mwenye 0.6 anaongezewa 18, anapata 48. Kundi limebaki kundi, lakini tofauti ya 18 inatosha kumfanya mtu aache kutuma namba ya usajili pekee.

Kuna hatari ya kulipiana kisasi au kupeana alama za urafiki. Ndiyo maana vipimo hivyo viende pamoja na kumbukumbu za kazi zenyewe, na mhadhiri abaki na neno la mwisho.

Tusigeuze programu kuwa polisi

Msanifu anaweza kupitiliza. Mwaka 2002 Dillenbourg mwenyewe alionya kuhusu kuwapangia wanafunzi kila hatua hadi ushirikiano unakuwa maigizo: watu wanabonyeza kinachotakiwa kubonyezwa, hakuna anayefikiri. Kwa hiyo zile hatua nne ziwe kama magongo ya mtu anayejifunza kutembea. Kundi likizoea, liruhusiwe kuyaweka pembeni.

Pia si kila mchango unaacha alama kwenye simu. Yule aliyewapatanisha wawili waliogombana, yule aliyemweleza mwenzake nadharia nzima mkiwa foleni ya kafeteria, hao programu haiwaoni. Ndiyo sababu tathmini ya wenzake inahitajika. Wao waliona.

Kwa nini hili ni letu

Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alitaka shule zijenge moyo wa kuishi na kufanya kazi pamoja kwa manufaa ya wote. Mtaala wa sekondari wa 2005 nao ulisisitiza ujuzi na njia shirikishi. Maneno tunayo. Lakini mwanachuo anayehitimu akiwa amejifunza kwamba "kazi ya kundi" ni kuandikiwa na mwenzake, atakwenda TP, atagawa darasa la wanafunzi 70 katika makundi saba, na atashangaa kuona saba wanaandika na sitini na tatu wanapiga soga. Atakuwa amefundisha alichofundishwa.

Programu kamili tuliyoielezea hapa bado hatuna mkononi. Ila asaimenti inayofuata, kundi lako linaweza kuanza na haya bila kulipia chochote:

1. Kabla ya kujadili, kila mtu aandike msimamo wake kwa aya moja, na zitumwe zote kwa wakati mmoja.
2. Gaweni vyanzo, msigawane maswali.
3. Wekeni waraka mmoja tu wa pamoja. WhatsApp ibaki ya kukumbushana.
4. Kila kipande kiandikwe na mtu asiyekileta, kisha mwenyewe ahakiki.
5. Mwisho wa kazi, ambatanisheni ukurasa mmoja unaosema nani alifanya nini, uliosainiwa na wote.

Maswali ya kujadili

1. Katika kazi ya mwisho ya kundi lako, nani angeweza kuondoka bila kazi kuharibika? Ungeipangaje upya ili asiwepo mtu wa namna hiyo?
2. Kigezo gani cha mchango kinaweza kupimwa na programu, na kipi kinahitaji binadamu?
3. Mwanakundi asiye na simu janja aingizwe vipi katika zile hatua nne bila kufanywa mzigo wala mgeni?
4. Wanaosoma kompyuta: ukipewa muhula mmoja kutengeneza kimoja tu kati ya yale mambo matano, ungeanza na lipi, na kwa nini?

Kidole kimoja hakivunji chawa, tunasema kila siku. Kazi ya msanifu ni kuhakikisha vidole vingine navyo vina chawa wa kuvunja.